Somo la Ufuoni: Jinsi Sindo Inavyoweza Kupokea Kundi Dogo la Wanafunzi wa Picha

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama ufuoni Sindo na kutazama magharibi, huona taa nyingi zikielea juu ya maji kana kwamba kuna mji mwingine upande wa pili. Ni wavuvi wa omena walio kazini. Wakazi wamezizoea taa hizo hata hawazitazami tena. Lakini kuna watu ambao husafiri mbali na kulipa pesa zao ili wakae siku kadhaa mahali penye mandhari kama hayo, wafundishwe jinsi ya kuyapiga picha vizuri.

Safari za namna hii huitwa ziara za mafunzo ya picha. Zimeenea sana kwenye maeneo ya maziwa na vijiji duniani, kama vile Lake District nchini Uingereza na maziwa ya kaskazini mwa Italia. Kaunti ya Homa Bay ina ziwa, visiwa, vilima, mbuga na vijiji vya wavuvi, vyote kwa mwendo usiozidi siku moja. Somo hili linawaeleza wakazi ziara hizo huendeshwaje, mwenyeji anaweza kufaidi nini, na jambo ambalo wengi hulisahau: haki ya mtu anayepigwa picha.

ZIARA YA MAFUNZO YA PICHA NI NINI?

Ni likizo na darasa kwa wakati mmoja. Kundi huwa dogo, mara nyingi watu wanne hadi wanane, pamoja na mwalimu mmoja au wawili. Idadi hiyo ina sababu zake. Mwalimu anataka kuketi na kila mwanafunzi na kuitazama kazi yake. Boti moja inawatosha wote. Na watu sita wakiingia kwenye boma la mtu wanaweza kusalimiana na wenyeji mmoja baada ya mwingine, ilhali watu 30 huwa ni msafara.

Mgeni wa aina hii ana tofauti na mtalii wa kawaida. Hana haraka. Anaweza kuketi saa mbili mahali pamoja akisubiri mawingu yasogee. Huamka kabla ya alfajiri na kurudi baada ya giza kuingia, kwa hiyo anahitaji malazi karibu na ufuo, chai ya mapema na mtu wa kumwongoza gizani. Saa za mchana, jua linapokuwa kali, huketi kivulini na wenzake kuchagua picha. Anahitaji umeme wa kuchaji betri, meza na mahali palipo na utulivu.

Si lazima mgeni huyo atoke ng'ambo. Mwanafunzi wa chuo kutoka Kisumu, mwalimu mstaafu wa Nairobi na kijana wa Migori aliyenunua kamera yake ya kwanza wote wanaweza kuwa kwenye kundi hilo.

KWA NINI SINDO?

Sindo iko Suba Kusini, kwenye ukingo wa Ziwa Victoria. Ziwa lenyewe lina ukubwa wa takriban kilomita 68,800 za mraba, na Kenya ina asilimia 6 hivi tu ya eneo hilo. Ufuo wa Sindo unatazama magharibi, kwa hiyo jua huzama mbele ya anayetazama maji, na boti zinazopita huonekana kama vivuli vyeusi juu ya maji ya rangi ya dhahabu.

Ukiondoka Sindo, kila upande una somo lake. Vilima vya Gwassi vina barabara zinazopanda hadi mahali ambapo ziwa huonekana kwa chini. Bonde la Lambwe lina Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita 120 za mraba, ambayo ndiyo makao pekee nchini ya swala korongo waishio porini. Kisiwani Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya, na ndiko Mary Leakey alikovumbua fuvu la Proconsul mwaka 1948. Kisiwani Mfangano kuna michoro ya kale ya miambani huko Kwitone na Mawanga, pamoja na jumba la makumbusho ya jamii ya Abasuba. Kwa majirani wa Kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, boma la kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018.

Hata hivyo, walimu wengi wa picha watasema kwamba mandhari peke yake hayamweki mwanafunzi siku nne. Kinachomweka ni maisha ya watu: omena zikianikwa, nyavu zikishonwa, boti zikipakwa rangi, soko likifunguliwa. Hapo ndipo faida ilipo, na hapo pia ndipo makosa hutokea.

SOMO LA KWANZA: SAA NA MWANGA

Kijana anayetaka kuwaongoza wageni wa picha hana budi kujua saa za jua kama mvuvi anavyojua upepo.

Sindo iko karibu na ikweta, hivyo saa za jua hazibadiliki sana mwaka mzima. Jua huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 12:55 asubuhi, na huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00 usiku, kulingana na mwezi. Kwa kuwa jua hupanda na kushuka karibu wima, mwanga laini wenye rangi ya dhahabu haudumu. Mpiga picha ana takriban saa moja baada ya macheo na saa moja kabla ya machweo. Jua likishazama, giza huingia baada ya dakika 20 au 25 hivi. Kiongozi akichelewesha kundi kwa nusu saa kwa sababu ya bodaboda ambayo haikufika, ameharibu nusu ya kazi ya siku hiyo.

Mwezi nao una ratiba yake. Wavuvi wa omena hutumia taa kuwavuta samaki, kwa hiyo wengi wao hupumzika siku za mbalamwezi, taa zinaposhindwa na mwanga wa mwezi. Mgeni aliyeahidiwa taa za ziwani akaletwa wakati mwezi ni mpevu atarudi akinung'unika. Vilevile kuna kipindi cha kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili hadi Julai, kilichowekwa ili samaki wazaane. Kiongozi mwema hupanga ziara kwa kalenda mbili: ya mwezi na ya uvuvi.

Picha ya taa hizo hupigwa ukiwa nchi kavu. Kamera huwekwa juu ya miguu mitatu na kuachwa wazi kwa sekunde 10 au 15 ili ikusanye mwanga. Ukiijaribu ukiwa ndani ya boti inayoyumba, kila taa itatoka kama mstari uliochorwa na mtoto.

SOMO LA PILI: SIMU INATOSHA KUANZIA

Kijana wa Sindo asiyekuwa na kamera asijione yuko nje. Sehemu kubwa ya mafunzo haya yanaweza kufanywa kwa simu ya kawaida. Haya hapa mazoezi matano, moja kwa kila siku.

Zoezi la 1: Futa kioo. Kioo cha kamera ya simu hujaa jasho na mafuta ya vidole. Kifute kwa kitambaa safi, kisha piga picha ya kitu kilekile ulichopiga kabla ya kufuta. Linganisha.

Zoezi la 2: Sogea kwa miguu. Usivute picha kwa vidole kwenye skrini, maana simu nyingi hapo huikuza tu picha na kuifanya chakavu. Ukitaka kitu kiwe kikubwa, kikaribie. Ikiwa huwezi kukikaribia, piga picha nyingine.

Zoezi la 3: Uso mbele ya ziwa. Mwombe rafiki asimame na ziwa nyuma yake wakati wa alasiri. Uso wake utatoka mweusi tititi, kwa sababu kamera imepima mwanga wa maji. Sasa gusa uso wake kwenye skrini ili kamera ipime hapo, au mwingize kivulini, ukingoni mwa banda au chini ya mti, akitazama upande wenye mwanga. Tofauti utaiona mara moja.

Zoezi hili lina historia. Kwa miaka mingi kampuni za filamu za rangi zilikuwa zikipima ubora wa rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikatoka vibaya katika picha nyingi. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado humlazimu mpiga picha afikirie kwanza ngozi ya aliye mbele yake. Kijana anayewafundisha wageni jambo hili hapa Sindo anawafundisha kitu ambacho huenda hawakukipata kwao.

Zoezi la 4: Omena kwenye jua. Omena waliokaushwa hung'aa kama fedha. Kamera ikiona mng'ao mwingi hudhani kuna mwanga kupita kiasi na kuitia picha nzima giza. Ongeza mwanga kidogo kwenye skrini. Kisha rudi tena saa kumi na moja jioni upige kundi lilelile la omena jua likiwa chini, uone jinsi kila samaki anavyopata kivuli chake.

Zoezi la 5: Hadithi ya picha tano. Chagua kazi moja, kwa mfano kushona wavu. Piga picha ya mahali kwa upana, picha ya mtu akifanya kazi, picha ya mikono, picha ya kifaa, na picha ya kazi ilipomalizika. Mtu asiyejua lolote kuhusu wavu aelewe kwa kutazama picha hizo tano tu.

SOMO LA TATU: USO WA MTU NI WAKE

Chukua mfano huu. Ni saa mbili asubuhi. Mama mmoja ameinama akitandaza omena juu ya wavu. Hana muda, kwa maana mvua ikija kabla ya mchana hasara ni yake. Kanga aliyojifunga ni ya kazi. Wageni sita wanatokea nyuma yake, kamera zikilia. Wanaondoka bila kusema neno. Miezi baadaye sura yake iko kwenye tangazo la hoteli, au kwenye ukurasa unaoomba misaada kwa ajili ya watu maskini wa Afrika, ilhali yeye ni mfanyabiashara anayesomesha watoto wake. Hajui, na hakuna atakayemwambia.

Kosa hapa lilianza kabla kamera haijainuliwa, na aliyelifanya kwanza ni kiongozi. Hivi ndivyo ilivyopaswa kuwa. Kiongozi anatangulia peke yake, bila kamera, na kuzungumza naye kwa lugha yake. Kwa Kiswahili mazungumzo yangekuwa hivi:

"Habari ya asubuhi, mama. Poleni na kazi."

"Nzuri, mwanangu. Hao wamesimama pale ni akina nani?"

"Ni wageni wangu sita, wanajifunza kupiga picha. Wangependa kukupiga ukiwa kazini. Picha ni za kujifunzia, na baadhi watazionyesha kwa watu wengine. Ukikataa hakuna ubaya, tutapita tu."

"Watazipeleka wapi?"

"Kwao nyumbani. Mmoja ana ukurasa wa mtandaoni. Na siku ya mwisho tutakuletea yako iliyochapishwa kwenye karatasi."

"Basi wasubiri kwanza nibadilishe kitambaa cha kichwa. Na mtoto huyu wasimpige, mama yake hayupo."

Katika mazungumzo haya mafupi mama ameuliza swali muhimu kuliko yote: picha zinaenda wapi? Ameweka masharti mawili, na yote mawili ni haki yake.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni taarifa yake binafsi. Picha ikitumiwa kibiashara, kwa mfano kutangaza hoteli au kampuni ya utalii, ni lazima mhusika awe ameridhia waziwazi, akiwa anaelewa itatumiwaje, na ana haki ya kuondoa ridhaa yake baadaye. Kwa mtoto, mwenye kuridhia ni mzazi au mlezi. Sheria hiyo haimbani mtu anayepiga picha za kukaa nazo nyumbani, na ina nafasi maalumu kwa uandishi wa habari na sanaa, lakini nafasi hiyo ina masharti na haimpi mtu ruhusa ya kuuza uso wa mwingine atakavyo.

Sheria hii ina meno. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza kuitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo sehemu moja ya burudani ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Mkazi yeyote anayeona picha yake imetumiwa visivyo anaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi hiyo.

Upande wa pili, aliyepiga picha naye ana haki yake. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, picha hulindwa kwa miaka 50. Kijana wa Sindo aliyepiga picha nzuri ya machweo kisha akaikuta kwenye kalenda ya kampuni fulani bila jina lake ana njia ya kudai. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi za namna hiyo, na usajili humsaidia mwenye kazi kuthibitisha kuwa ni yake.

PICHA ZILIZORUDI NYUMBANI

Nyanza imewahi kuona picha zake zikiondoka na kukaa mbali kwa muda mrefu. Mwaka 1936 mwanaanthropolojia Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alitembelea nchi ya Wajaluo na kupiga picha za watu, maboma na sherehe. Picha hizo zikahifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford. Wataalamu walizisoma huko, huku wajukuu wa waliopigwa picha wasijue hata kwamba zipo.

Mwaka 2007 nakala za picha hizo, pamoja na nyingine za zamani, zililetwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, maana yake kuyakumbuka ya zamani. Hazikuwekwa kwenye jumba la mjini tu. Zilipelekwa vijijini, karibu na familia zinazohusika. Zilikuwa zimekaa mbali kwa zaidi ya miaka 70.

Kundi dogo la wanafunzi wa picha linaweza kufanya jambo hilohilo kwa siku nne. Kichapishi kidogo cha picha hubebeka kwenye begi. Kila aliyekubali kupigwa picha apate yake mkononi kabla wageni hawajaondoka. Katika nyumba nyingi za ufuoni, picha iliyochapishwa ya nyanya au ya babu ndiyo pekee itakayobaki familia itakapoihitaji. Na mkazi aliyeona picha yake mwenyewe atajua kama anataka kupigwa tena mwakani.

SIKU NNE KWA MFANO

Hii hapa ratiba ambayo kiongozi na mwalimu wanaweza kuianzia.

Siku ya kwanza: Wageni wanafika mchana. Kiongozi anawapeleka kwa maafisa wa kamati ya usimamizi wa ufuo, yaani BMU, ili wajulikane na waelezwe kanuni za ufuo. Jioni wanapiga picha za machweo, bila kuwaelekezea watu kamera. Siku ya kwanza ni ya kuonekana na kusalimia.

Siku ya pili: Saa 12 kamili asubuhi kundi liko ufuoni boti za omena zikirejea. Mchana ni darasa kivulini. Alasiri wanatembelea boma moja lililokubali mapema, na usiku wanajifunza kupiga picha za taa za ziwani.

Siku ya tatu: Safari ya mbali, ama Ruma ama Mfangano, isiwe zote mbili. Kwenye michoro ya Mfangano ni marufuku kugusa mwamba au kumwagia maji michoro ili ionekane vizuri. Maji huiharibu, na kwa wenyeji sehemu hizo zina heshima yake.

Siku ya nne: Kila mwanafunzi anachagua picha kumi. Jioni zinabandikwa kwenye kamba ukumbini au chini ya mti, na wanakijiji wanaalikwa kuja kujitazama. Wageni wanawakabidhi wenyewe nakala zao, kisha wanaagana.

HESABU YA KIJIJI

Tuseme kundi ni la watu sita wanaolala usiku tatu. Hapo pana vitanda 18 vya kulipiwa. Wakila mara tatu kwa siku kwa siku nne, ni sahani 72 za chakula, bila kuhesabu chai ya alfajiri. Kuna boti ya kukodi, mwendesha boti na msaidizi wake, bodaboda za kwenda na kurudi, kiongozi wa siku nne, fundi wa kuchapisha picha, na ada ya boma lililowakaribisha.

Pesa hizo zinaweza kupita kando ya kijiji zote, endapo wageni watalala mbali, waje na chakula chao na waongozwe na mtu asiyejua jina la mama hata mmoja. Au zinaweza kubaki. Kinachoamua ni maandalizi. Vijana na vyama vya akina mama wanaotaka kuwa tayari waanze na mambo haya:

1. Kukubaliana bei mapema na kuiandika, ili mgeni asitajiwe bei tatu kwa boti moja.

2. Kukubaliana kama anayepigwa picha atalipwa, na kwa njia gani. Baadhi ya jamii hupendelea malipo yaingie kwenye chama au mfuko wa ufuo badala ya kila mtu kudai noti mbele ya kamera, jambo ambalo huleta ugomvi na kuwafunza watoto kuombaomba. Wengine huona ni haki mtu alipwe mkononi kwa muda wake wa kazi. Kila ufuo uamue, mradi uamuzi ujulikane na wote.

3. Kupata vibali. Nyumba ya kulaza wageni na biashara ya chakula zinahitaji leseni ya biashara ya kaunti na vyeti vya afya kwa wanaopika. Waongoza watalii na biashara za utalii husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii.

4. Kuwajulisha chifu na BMU kabla ya kundi kufika, si baada ya malalamiko.

5. Kutunza daftari la walioridhia: jina, tarehe, picha itatumiwa wapi, na sahihi au alama ya kidole. Daftari hilo ndilo litakalomlinda mama, mgeni na kiongozi kukizuka mzozo.

USALAMA KWANZA

Hakuna picha inayostahili uhai wa mtu. Kila aliyemo ndani ya boti avae jaketi la kujiokolea tangu kung'oa nanga hadi kutua. Jaketi lililokaliwa kama mto halimsaidii mtu. Mwendesha boti ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu upepo. Akisema hatutoki, hatutoki, hata kama mgeni amelipa.

Viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi na hurudi alfajiri, saa zilezile ambazo wapiga picha huzipenda. Kundi lisisimame kati ya kiboko na maji. Wageni waelezwe pia kuhusu kichocho na wasiingie kwenye maji yaliyotulia kando ya majani ili tu kupata picha kutoka chini.

Ruma kuna mbung'o, na wadudu hao huvutiwa na rangi ya buluu iliyokoza na nyeusi. Nguo za kaki au rangi hafifu zenye mikono mirefu ndizo zinazofaa. Kanuni za kupiga picha ndani ya mbuga ni za Shirika la Wanyamapori nchini, KWS. Na anayetaka kurusha droni, popote pale, awe na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini, KCAA.

KAZI INAYOWEZA KUANZIA HAPA

Kenya ina historia yake ya picha. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, ndiye aliyekuwa na kamera jijini tarehe 5 Julai 1969, siku Tom Mboya alipopigwa risasi, na ndiye ambaye kazi yake kuhusu njaa ya Ethiopia mwaka 1984 iliutikisa ulimwengu hadi misaada ikamiminika. Alianza angali kijana wa shule. Hakusubiri mtu wa kuja kuwasimulia Wakenya habari zao.

Kijana anayewabebea wageni mikoba leo, akisikiliza na kufanya mazoezi, anaweza kuwa mwalimu wa kundi lijalo. Anao ubora mmoja ambao mgeni hawezi kuununua: anaposhuka ufuoni saa 12 asubuhi, mama anayeanika omena anamjua yeye ni mtoto wa nani. Ubora huo utadumu iwapo tu atalinda imani ya mama huyo.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE BARAZA AU CHAMA

1. Ni sehemu gani za ufuo wetu ambazo wageni wasipige picha kabisa, na kwa nini?

2. Mzazi akiwa hayupo, nani aseme kuhusu picha ya mtoto?

3. Malipo ya picha yaende kwa mtu binafsi au kwa mfuko wa pamoja? Kila njia ina faida gani na hasara gani?

4. Ni nani miongoni mwetu ana picha za zamani za Sindo nyumbani, na zinaweza kuhifadhiwaje kabla hazijaliwa na mchwa?